Kunukuliwa na Kuaminiwa: Maadili ya Urejeleaji katika Kisa cha Cyril Burt

Je, msomi anayenukuliwa mno ana ukweli zaidi ya yule asiyenukuliwa? Mazoea ya vyuo vikuu hudokeza kwamba ndivyo. Tangu fahirisi ya marejeleo ya sayansi ya Eugene Garfield ichapishwe mwaka wa 1964, na hasa baada ya J. E. Hirsch kupendekeza kipimo chake mwaka wa 2005, kazi ya maisha ya mtafiti imeweza kufupishwa katika tarakimu moja. Kisa cha Cyril Burt, mwanasaikolojia wa elimu wa Uingereza, kinaonyesha udhaifu wa dhana hii.

Burt (1883-1971) aliteuliwa mwanasaikolojia wa Baraza la Jimbo la London mwaka wa 1913, akawa profesa katika University College London mwaka wa 1931, na akatunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1946. Alishikilia kwamba akili ya mtoto hutokana hasa na urithi. Ithibati yake mashuhuri ilikuwa mapacha wa yai moja waliolelewa mbalimbali: jozi 21 katika makala ya 1955, zaidi ya 30 mwaka wa 1958, na 53 mwaka wa 1966. Makala ya Arthur Jensen ya 1969, iliyozua mjadala mkali Marekani kuhusu akili na rangi, iliitegemea sana.

Mwaka wa 1974 Leon Kamin alionyesha jambo ambalo msomaji yeyote angeweza kuliona. Idadi ya mapacha ilikuwa imeongezeka, lakini uwiano wa alama zao katika jaribio la kikundi ulibaki 0.771 katika makala zote tatu. Ni vigumu mno sadfa ya namna hiyo kutokea. Jensen mwenyewe, mwaka uo huo, alikiri kwamba takwimu hizo hazingeweza kutegemewa.

Yafaa kuuliza kosa lilikuwa la nani. Ikiwa Burt alighushi, lawama ya kwanza ni yake. Hata hivyo, waliomnukuu walifanya tendo lenye uzito wa kimaadili: kila aliyemrejelea alisimama mbele ya wasomaji wake kama mdhamini. Wanazuoni wa Hadithi walilitambua jambo hili zamani. Kwao, wapokezi mia wa baadaye hawaipi habari nguvu ikiwa wote waliipokea, hatimaye, kwa mtu mmoja asiyeaminika. Fahirisi ya marejeleo huwahesabu wapokezi lakini haichunguzi mapokezi. Zaidi ya hayo, humhesabu sawa anayeafiki na anayekanusha. Burt aliendelea kurejelewa baada ya 1974, aghalabu kama mfano wa kashfa.

Yamkini mtu atapinga kwamba taaluma haiwezekani bila kuaminiana, na kwamba hakuna awezaye kurudia kila utafiti kabla ya kuutaja. Hoja hii ina mashiko, ila haiwaondolei lawama waliomnukuu Burt. Hawakuhitajika kuwatafuta mapacha upya; walihitajika kusoma majedwali matatu na kuyalinganisha. Imani ya kitaaluma hudai uangalifu unaolingana na uzito wa jambo linalojengwa juu yake, na hapa lililojengwa lilihusu hatima ya watoto.

Mfano wa uangalifu huo ni L. S. Hearnshaw. Alitoa hotuba ya kumsifu Burt katika ibada ya kumbukumbu yake, na dada yake Burt akamwomba aandike wasifu. Baada ya kuzisoma shajara na barua, alihitimisha katika kitabu chake cha 1979 kwamba Burt alighushi. Hitimisho hilo nalo lilipingwa na R. B. Joynson mwaka wa 1989 na Ronald Fletcher mwaka wa 1991. Kwa kuwa karatasi nyingi za Burt ziliharibiwa baada ya kifo chake, huenda ubishi huo usiishe.

Hata hivyo, swali la kimaadili halingojei ubishi huo umalizike. Awe Burt alighushi au alizembea tu, tarakimu zile zilipita mikononi mwa wasomi kwa takribani miaka ishirini bila kuhojiwa, na kila aliyezipitisha alimwongezea mwenyewe hadhi. Kwa hiyo idadi ya marejeleo hubainisha ni wangapi wamemtaja msomi. Wangapi kati yao walimsoma ni suala jingine, na ndilo linalostahili kuulizwa wakati wa kupandishwa cheo na wakati wa kusahihisha tasnifu.