Debe na Dhamiri

Leo twasema juu ya debe, chombo ambacho hakuna nyumba isiyokijua. Wazee wetu walipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja. Kisha likaja debe la mafuta ya taa, lenye galani nne, nalo likashika soko mpaka leo, ingawa sheria yataka kilo.

Tuutazame upande wa Sitalike, kando ya mto Katuma, mlangoni mwa Hifadhi ya Katavi. Mkulima wa huko hukesha akilinda mahindi na mpunga wake usiliwe na viboko. Akisha kuyaokoa mazao hayo, hukutana na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa nyongeza. Sheria ya Vipimo yakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Basi tuhesabu. Debe la mahindi lachukua yapata kilo 18. Mnunuzi akidai debe moja la ziada juu ya kila gunia, katika magunia 6 amejipatia zaidi ya gunia zima asilolilipia. Hapo ndipo ilipopotelea ada ya mtoto.

Wengine hujitetea kwamba ndiyo desturi ya soko. Nabii Amosi aliwakemea wafanya biashara wa Israeli waliochezea kipimo cha nafaka na jiwe la mizani; nao, bila shaka, waliiita desturi.

Tangu mwaka 1889 wataalamu walitunza huko Sèvres, karibu na Paris, kilo moja ya madini, iwe kipimo cha dunia nzima. Walipoona imetofautiana na nakala zake kwa sehemu ndogo mno isiyoonekana kwa macho, hawakustahimili. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo yafuata kanuni ya maumbile isiyobadilika. Nasi huku twagonga kitako cha debe kwa nyundo kitune nje!

Wala mkulima asijihesabie haki upesi. Wako wanaonyunyizia mpunga maji, na wanaoficha mawe katikati ya gunia.

Kanisa lafundisha kwamba mali iliyoibwa haimaliziki kwa kuungama tu; sharti irudi kwa mwenyewe, kama Zakeo alivyoahidi mbele ya Bwana Wetu. Mwenyewe asipojulikana, wapewe maskini. Lakini mjane aliyepimiwa vibaya Jumamosi iliyopita anajulikana, na nyumba yake haiko mbali.