Neno Moja na Heshima ya Mtu

Katika lugha yetu neno "yeye" lamtosha mwanamume na mwanamke. Asemaye "amekuja" hatuambii kama ni baba au mama. Kiingereza sivyo: kina neno la mwanamume na neno la mwanamke. Kwa hiyo huko Uingereza limezuka swali ambalo kwetu laonekana geni. Mtu aliyekuwa akiishi kama mwanamume, sasa aishi kama mwanamke. Mwenzake kazini azidi kumtaja kwa neno la kiume. Je, amevunja sheria?

Sheria yao ya Usawa ya mwaka 2010 yatenga makosa mawili. La kwanza ni ubaguzi, yaani mtu kutendewa vibaya kuliko wengine kwa sababu ya hali yake, kama vile kunyimwa kazi. Hapo hakimu hulinganisha mtu na mtu. La pili ni unyanyasaji: tendo lisilotakiwa, lihusulo hali hiyo, ambalo nia yake au matokeo yake ni kumvunjia mtu utu wake, au kumzungushia uadui na fedheha. Hapo hapana haja ya kulinganisha. Walakini, kama ni matokeo tu bila nia, haitoshi mtu kusema, Nimeumia; hakimu hupima pia mambo yalivyokuwa, na kama yapasa kweli kuhesabiwa hivyo.

Tusidhani jambo hili li mbali nasi. Zamani za ukoloni wazee wenye mvi waliitwa "boi" na waajiri wao. Hata pale ambapo mshahara haukupunguzwa senti moja, aibu ilikuwapo. Nani atasema hawakudhulumiwa, kwa kuwa hawakunyimwa kitu?

Basi, mwenye imani nyingine afungwe kinywa? Mwezi wa Juni 2021 baraza la rufani za kazi, katika shauri la Maya Forstater, liliamua kwamba imani yake, kuwa jinsia ya mwili haibadiliki, yalindwa na sheria iyo hiyo. Lakini likaonya kwamba ulinzi huo haumpi mtu ruhusa ya kuwanyanyasa wengine.

Twaona hukumu hiyo ina hekima. Kutetea wazo katika mabishano ni jambo moja. Kulirudia neno kila asubuhi mbele ya mtu mmoja, hata ainamishe uso, ni jingine. Ulimi ulioteleza husamehewa. Sheria huweka mpaka tu. Kabla hatujaufikia, yatupasa kujiuliza: Neno hili twalisema ili kweli ijulikane, au ili jirani yetu aone haya?