Furaha Isiyoamrishwa: Uongozaji wa Maigizo ya Pamoja kati ya Gitega na Muyinga

Swali la kama furaha inaweza kuamrishwa ni la kale katika dini na falsafa, lakini katika sanaa ya maigizo ni swali la kazi ya kila siku, kwa sababu mwongozaji, yaani mtu anayesimamia mazoezi na kuamua nani asimame wapi na aseme nini, anaweza kumwamuru mwigizaji atembee, anyamaze au alie, naye akatii, ilhali akimwamuru afurahi hapati ila meno yaliyokenuliwa. Mwongozaji anayetafuta igizo lenye furaha ya kweli hulazimika basi kuachia sehemu ya mamlaka yake, na hoja inayotetewa hapa ni kwamba kuachia huko si mbinu ya kuchangamsha mazoezi bali ni wajibu wa kimaadili, kwa kuwa watu hawafurahii pamoja kazi ambayo ni ya mtu mmoja tu.

Burundi ni mahali ambapo hoja hii inapimwa kwa ukali. Kati ya Gitega, makao makuu ya kisiasa ya nchi, na Muyinga iliyoko kaskazini-mashariki karibu na mpaka wa Tanzania, iko Karuzi, ambako mwanzoni mwa mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 kutoka makaburi ya halaiki yanayohusishwa na mauaji ya 1972, na baada ya mauaji hayo nchi ilipitia tena vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993 alipouawa Rais Melchior Ndadaye. Kwenye ardhi ya namna hiyo, wengi huona kwamba kucheka jukwaani ni kuwasaliti wafu. Pingamizi hilo lisipuuzwe, kwa maana furaha inayowataka watu wasahau kwanza ndipo wacheke ni dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza.

Njia ya Frédérique Lecomte, mwongozaji kutoka Ubelgiji aliyefanya kazi Burundi na mashariki mwa Kongo chini ya jina la Théâtre & Réconciliation, yaani maigizo na maridhiano, na aliyeieleza katika kitabu kilichotoka mwaka 2015, inasaidia kuona pingamizi hilo linaishia wapi. Waliotendwa na waliotenda hukutanishwa katika kundi moja, na igizo hujengwa kutokana na masimulizi yao, nyimbo zao na ubunifu wa papo kwa papo, yaani uigizaji usiofuata maneno yaliyoandikwa kabla. Vicheko huwa vingi, na havitokani na kusahau. Mtu aliyezoea kusikilizwa kama mhanga peke yake, ambaye kila mgeni humwomba asimulie jeraha lilelile, hupata nafasi ya kuwa mfalme, jirani mchokozi au askari mwoga, na kisa chake kikichukuliwa na mwigizaji mwingine huacha kuwa mzigo wa mabega mawili tu. Kinachoondolewa hapo ni hofu, wala si huzuni, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwa sababu huzuni inaweza kukaa pamoja na furaha katika moyo mmoja, jambo ambalo kila aliyehudhuria matanga analijua, ilhali hofu hairuhusu chochote kingine kikae nayo. Mbrazili Augusto Boal (1931–2009) alikuwa amekwisha kufungua mlango unaofanana na huo kwa mtindo wake wa jukwaa la hadhira, ambapo mtazamaji husimamisha igizo, hupanda jukwaani na kujaribu mwenyewe njia nyingine ya kulimaliza.

Msomaji wa Maandiko atauliza, na kwa haki, kama ni kweli kwamba furaha haiamrishwi, maana Paulo anawaamuru Wafilipi wafurahi, na Qur'ani katika Sura Yunus inawataka watu wafurahie fadhila na rehema za Mwenyezi Mungu. Muyinga, ambako Wakatoliki na Waislamu ni majirani wa siku nyingi, swali hili si la vitabuni tu. Jibu limo katika mpangilio wa amri zenyewe: kote kuwili kinachotangulia ni kipaji, na amri inamwelekeza binadamu akitambue kile alichokwisha kupewa. Mwongozaji aliye binadamu hana rehema ya kugawa, na akiamuru kabla ya kutoa anajipa cheo kisicho chake. Analoweza kutoa ni fungu katika kazi, yaani haki ya kupendekeza, kukataa, kubadilisha na kutajwa, kisha angoje.

Mapokeo ya Kirundi hayakukosa mfano wa mamlaka ya aina hiyo. Katika ngoma za kifalme zinazohusishwa na Gishora, kilima kilicho karibu na Gitega kinachokumbukwa pamoja na Mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo, ngoma iitwayo inkiranya huwekwa katikati na kuongoza mapigo, huku ngoma ziitwazo amashakwe zikishikilia mdundo usiobadilika na zile ziitwazo ibishikizo zikiifuata ile ya kati, zote zikiizunguka kwa nusu duara. Wapigaji hupokezana katika nafasi ya kati: anayeongoza sasa hucheza, huruka, huwachekesha wenzake na watazamaji, kisha humpisha mwingine. Uongozi upo, tena ni mkali, kwani bila inkiranya mapigo husambaratika, lakini ni uongozi unaopita mikononi mwa wengi, na raha ya mchezo mzima imo katika kupita huko. Anayedhani kwamba ushirikiano maana yake ni kukosa kiongozi angefaa kuzitazama ngoma hizi kwa makini.

Hata hivyo ngoma hizohizo zililia kwa ajili ya kiti cha enzi, na watawala waliofuata baada ya ufalme kufutwa mwaka 1966 hawakuacha kuzihitaji. UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, na Oktoba 2017 amri ya rais ilikataza wanawake kuzipiga na kuyataka makundi yawe na kibali kabla ya kuzicheza nje ya sherehe rasmi. Hapa furaha imewekewa mlinzi mlangoni. Nusu duara iliyokuwa kielelezo cha kupokezana imefungwa kwa nusu ya watu, na mwongozaji anayefanya kazi Gitega na kundi la wanawake na wanaume hawezi kuazima umbo la ngoma bila kuamua atafanya nini kuhusu nafasi ya katikati.

Muyinga inaongeza sharti jingine. Mwaka 2012 ilijengwa huko maktaba ya matofali ya udongo ulioshindiliwa, kwa mikono ya wenyeji, ikiwa sehemu ya kwanza ya shule iliyokusudiwa watoto viziwi. Igizo likitengenezwa na watoto wa namna hiyo, maelekezo yanayopigiwa kelele kutoka pembeni hayana kazi; mwongozaji hulazimika kuingia ndani ya mchezo, aonekane, aigwe, arekebishwe kwa ishara ambazo watoto wanazijua kuliko yeye. Na katika kundi lolote yupo atakayekataa kucheka, pengine kwa miaka. Huyo naye ana fungu lake katika igizo, na mwongozaji anayemwondoa ili furaha ya wengine isichafuke ameirudisha amri aliyodai kuiacha.