Mlango wa Jirani: Fikra Juu ya Mpaka wa Tunduma

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Aghalabu methali hii tunaitumia kumpima mtu na mwenziwe. Ni mara chache tunajiuliza kama yaweza kuyapima mataifa pia. Katika insha hii tunakusudia kuuliza swali hilo: je, taifa lina wajibu gani kwa jirani yake katika mwaka wa njaa, na je, ni haki kujifunga kwa mikataba inayotupunguzia uhuru wa kufunga mlango wetu?

Tumechagua kuliuliza swali hili Tunduma, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo ya pili ni Nakonde, mji wa Zambia. Shilingi na kwacha hupita mkono kwa mkono, na Wanyamwanga wa upande huu huamkiana kwa lugha moja na ndugu zao wa upande ule. Mpaka uliopita kati yao haukuwekwa na wazee wao. Ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya tarehe 1 Julai 1890, ambayo hakuna mwenyeji aliyeulizwa juu yake.

Tulipopata uhuru hatukuufuta. Mwaka 1964, mjini Cairo, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliazimia kuiheshimu mipaka iliyorithiwa, kwa kuwa kuirekebisha kungaliweza kuamsha vita kila upande. Azimio hilo lilikuwa la busara. Lakini halikutuagiza kuigeuza mipaka hiyo kuwa kuta.

Mfano ulio wazi ni mahindi. Mkulima wa Mbozi au Momba, akisha kuvuna, ana soko la mbali ndani ya nchi na soko la jirani ng'ambo ya pili, ambalo miaka mingine hulipa zaidi. Mwaka 2011, na tena mwaka 2017, Serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ili chakula kisipungue nchini. Zambia nayo, kwa nyakati mbalimbali, imezuia mahindi yake yasitoke. Hapa dhamiri huvutwa pande tatu. Yuko mlaji wa mjini, ambaye bei ya unga ikipanda watoto wake hulala bila kushiba. Yuko mkulima, ambaye jasho lake hushuka thamani siku mlango unapofungwa. Na yuko jirani mwenye njaa, ambaye hana kura katika nchi yetu wala sauti katika Bunge letu.

Watakuwapo watakaojibu upesi kwamba dola ni mzazi, na mzazi hulisha wanawe kabla ya kumgawia jirani. Jibu hilo hatulipuuzi. Serikali inayoacha raia wake wafe njaa kwa sababu bei ni nzuri ng'ambo imepoteza sababu ya kuwapo kwake. Hata hivyo, mzazi mwenye haki hachoti chakula cha wote katika sahani ya mtoto mmoja. Mlango unapofungwa, unafuu wa mlaji wa mjini hulipwa na mkulima, ambaye pengine ni maskini kuliko yule anayefadhiliwa. Na mkulima asiyejua kama mlango utakuwa wazi msimu ujao huona afadhali alime kidogo. Kwa njia hiyo, nchi iliyofunga mlango kwa kuogopa njaa yaweza kuwa imeipanda njaa hiyo kwa mikono yake yenyewe.

Tarehe 29 Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na mwaka huo huo Tanzania ilikubali kuiuzia tani 650,000 za mahindi kutoka akiba yake. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini lilitegemea akiba na nia ya wakati ule, na jirani hawezi kuyapanga maisha yake kwa kutegemea nia ya mwenziwe. Ndiyo maana mataifa huunda jumuiya na kuzipa mamlaka yaliyo juu ya dola moja moja: ili nia njema igeuke kuwa wajibu. Ahadi inayotimizwa katika mwaka wa shibe peke yake si ahadi.

Sisi wa Afrika Mashariki tumekwisha kuonja utamu na uchungu wa ahadi hizo. Jumuiya iliyoundwa kwa Mkataba wa Kampala wa mwaka 1967 ilikuwa na reli, bandari, posta na ndege za pamoja. Ilivunjika mwaka 1977 kwa tofauti za siasa na kwa malalamiko kwamba faida ilielekea upande mmoja, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Leo Tanzania imo humo, Zambia imo katika COMESA, ambayo Tanzania ilijitoa mwaka 2000, na nchi zote mbili zimo katika SADC. Lakini Mahakama ya SADC, ambayo raia aliweza kuishtakia serikali, ilisimamishwa na viongozi mwaka 2010, baada ya hukumu ambazo Zimbabwe ilikataa kuzitii. Tangu hapo mfanyabiashara wa Tunduma anayo ahadi ya jumuiya, ila hana mwamuzi wa kumwendea ahadi hiyo ikivunjwa.

Je, twadai jambo lisilowezekana? La hasha. Reli ipitayo Tunduma yatukumbusha. Wazungu wachache wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilijikuta njia zake za kusini zimo mikononi mwa maadui wa Afrika. Tanzania, nchi maskini, ilikubali kubeba deni pamoja na jirani yake. Kwa mkopo wa China usio na riba, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilijengwa kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Wakati ule hatukungoja kwanza tujue nani atafaidi zaidi.

Kwa hiyo twaona kwamba uhuru wa kufunga mlango ni haki ya dola, lakini ni haki yenye mipaka. Mlango usifungwe ghafla, jirani asikie kwanza kutoka kwetu, na ikibidi ufungwe, hasara igawanywe kwa taifa zima kwa kumlipa mkulima bei ya haki. Na awepo mwamuzi atakayetusuta sote wawili. Mwaka 2019 kilizinduliwa hapo kituo cha pamoja cha forodha, ambamo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Paa tunalo. Bado tunadaiwa ahadi itakayomfaa mwenye debe moja la mahindi kama inavyomfaa mwenye malori, katika mwaka wa mvua na katika mwaka wa ukame.