Damu ya Kikwit ni Mali ya Nani?

Mwaka 1995 maradhi ya Ebola yaliingia mji wa Kikwit, katika Kongo, ambayo siku zile iliitwa Zaire. Wengi walikufa, wachache wakapona. Baada ya miaka 11 mmoja wa hao waliopona alitoa damu yake, nao mabingwa wakaona ya kuwa kingamwili zilizopigana na maradhi yale zingalimo. Katika umati wa kingamwili hizo wakachagua namna moja iliyo hodari, wakaizidisha nje ya mwili wake, ikawa dawa. Jina lake mAb114.

Ustadi wa kuzalisha kingamwili za namna moja peke yake ulianzia Cambridge, Uingereza, mwaka 1975. Georges Köhler na César Milstein waliunganisha chembe ya bandama ya panya, ambayo hutoa kingamwili lakini hufa upesi, na chembe ya saratani isiyokoma kuzaana. Hata kipimo cha malaria cha tone la damu, tukijuacho sote zahanatini, chatokana na ustadi huo. Nao hawakuiandikisha njia ile kuwa mali yao. Waliitangaza, kila mtaalamu akaitumia.

Lakini mAb114 ina mwenyewe: kampuni moja ya Marekani ilipewa haki ya kuitengeneza. Wako wasemao ya kwamba yule mtu wa Kikwit hakufanya kazi yo yote. Aliugua tu, akapona. Sisi hatumnyimi mtengenezaji ujira wake, maana gharama ni kubwa. Lakini ujira ni jambo moja, na enzi juu ya kitu ni jambo jingine. Aliyetoa mbegu huenda hakulima shamba, hata hivyo siku ya njaa hafukuzwi mlangoni pa ghala.

Tena si damu tu iliyotolewa. Tangu Novemba 2018 hata Agosti 2019 wagonjwa 681 wa mashariki ya Kongo waligawiwa dawa nne kwa kura, ili ijulikane ipi yafaa. Waliopewa mAb114 walikufa 35 katika kila 100; waliopewa ZMapp, dawa iliyotangulia, karibu 50. Elimu hiyo ilipatikana vitandani mwao. Basi deni liko, wala si la fedha: dawa iwafikie wao kwanza, kabla ya kuwekwa akiba kwa watu ambao maradhi hayajawafikia.

Mwaka 2025, Ebola ilipozuka Bulape katika Kasai, mAb114 ilipelekwa huko, wakatiwa mishipani watu wa nchi ile ile iliyoitoa.