Ruhusa ya Kuongeza Chumba

Twaulizwa: Muislamu wa Kibera aongezaye chumba kwa ruhusa ya mdomo ya chifu, iliyonunuliwa kwa “chai”, ana ruhusa? Hati ni adimu kule. Wanubi, wazao wa askari waliokalishwa pale na Waingereza, walipewa hati ya ekari 288 mwaka 2017 tu. Basi hatumlaumu mtu kwa kukosa karatasi. Hata hongo, wanavyuoni wengi humsamehe aitoaye ili apate haki yake iliyozuiliwa, dhambi ikabaki kwa mpokeaji. Lakini mtaro je? Huo si haki yake, wala si mali ya chifu. Ukuta ukiuziba, maji yakaingia kwa jirani, mwenye kutoa ruhusa ni jirani huyo, naye hakuulizwa. Ukuta huo na uvunjwe, hata kama kodi ya chumba imekwisha kuliwa.