Beleshi la Mbele



Juzi baada ya mazoezi ya kwaya hapa Bukoba tulibaki wachache nje ya ukumbi, tumejazana kwenye simu ya mwenzetu anayesomea ufundi umeme. Alikuwa anatuonyesha BattleBots, yale mashindano ya Marekani ya maroboti yanayopigana. Kama hujawahi kuyaona, ni hivi: watu wanaunda mashine isiyozidi pauni 250, yaani kilo 113 hivi, wanaiendesha kwa rimoti ulingoni dhidi ya nyingine kwa dakika tatu. Nyingi zina silaha za kutisha. Kuna moja inaitwa Tombstone, ina chuma kirefu mbele kinachozunguka kwa ulalo kama feni. Ikikupata vizuri, vipande vyako vinaokotwa kila kona.

Basi likaingia roboti jingine ambalo halina kitu kinachozunguka. Mbele lina bamba la chuma lililopinda tu, kama beleshi la katapila. Mmoja wetu akasema, "Hili limekuja kupigana au kuzoa mchanga?" Tukacheka. Mimi nilicheka kwa sauti kabisa.

Mwenye simu ndiye aliyetunyamazisha. Alisema mdomo wa lile beleshi unagusa sakafu, halafu bamba linapanda likipinda. Chuma kinachozunguka kwa ulalo kikilipiga hakipati kona ya kung'ata, nguvu inateleza kwenda juu. Na kwa kuwa pigo humrudia pia aliyelitoa, mara nyingine anayerushwa nyuma ni mpigaji mwenyewe. Akipiga hivyo mara kadhaa, silaha yake inaweza kuzima kabisa. Ila dhidi ya silaha inayozunguka kwa wima beleshi linaweza kuwa hasara, maana inaukamata ule mdomo na kukunyanyua. Ndiyo maana mafundi wengi hubadilisha kifaa cha mbele kulingana na mpinzani.

Kilichonikaa kichwani ni uzito. Beleshi la kuhimili mapigo ya namna ile linahitaji chuma kigumu, cha jamii ya kile cha vijiko vya mashine za migodini, tena kinene. Na kilo zenyewe ni zile zile 113. Ukiongeza kwenye beleshi, unapunguza kwingine, mara nyingi kwenye silaha. Kwa hiyo fundi anaamua akiwa bado karakana, hajapigwa na mtu, hana hasira: hiki nakibeba, kile nakiacha.

Kiukweli nilikuwa nafikiri kugeuza shavu la pili ni mambo ya mtu asiye na jinsi. Umezidiwa, basi unavumilia halafu unaita fadhila. Hilo beleshi limenisumbua, kwa sababu aliyelifunga alikuwa na nafasi ya kufunga nondo inayozunguka.

Mwenzetu mmoja hakucheka tangu mwanzo. Anatoka Kyaka, ambako magofu ya kanisa lililobomolewa kwenye vita vya Kagera bado yamesimama. Akasema, "Haya maroboti yamepimwa kilo kabla ya kuingia. Wazee wetu 1978 nani aliwapima?" Ana haki. Jamani, tusije tukamwambia dada anayepigwa nyumbani kwake awe beleshi. Huyo anatakiwa kutolewa ulingoni. Mimi nazungumzia ugomvi wa watu wanaolingana, kama wangu mimi na kaka yangu.

Kwetu ni Muleba. Baba alipofariki kibanja kiligawanywa kwa mdomo, na mwaka jana kaka akapanda migomba upande ambao najua ni wangu. Siyo mingi, mistari miwili. Kwenye kikao cha ukoo alinitukana mbele ya mama na wazee. Sikujibu neno. Watu wakanisifia sana, mama mdogo akasema nimekomaa kiimani. Nikarudi Bukoba najiona mtakatifu.

Sasa turudi kwenye video, maana kuna kitu nilikuwa sijakiona. Lile beleshi likishapokea pigo halikai tu. Ule mdomo wa chini unaingia chini ya mpinzani, unamnyanyua magurudumu yasiguse sakafu, unamsukuma mpaka ukutani. Linashinda hivyo. Mwaka 2015 Bite Force, iliyotegemea bamba na mkono wa kunyanyua, iliishinda Tombstone kwenye fainali. Lakini baadaye ilirudi ikiwa na silaha inayozunguka kwa wima, ikawa bingwa tena mwaka 2018, na 2019 tena. Bamba halikuwa imani yake. Lilikuwa njia ya kushinda, na njia nyingine ilipoonekana bora, likaachwa.

Hapo ndipo nilipojiuliza kwenye kile kikao nilinyamaza kwa nini. Jibu silipendi. Nilinyamaza ili kaka anyanyuke, wazee wote wamwone anavyopiga kelele mwenyewe. Unyamavu wangu ulikuwa na mdomo chini. Tena ule uzito sikuuacha karakana, nimeubeba mpaka leo: kwenye simu yangu kuna sauti zake za WhatsApp za usiku ule alipokuwa amelewa, anamsema mama maneno ambayo mama hajawahi kuyasikia. Nimezihifadhi mahali pa peke yake. Sijamtumia mtu. Ninajua tu kwamba zipo, na huo upole wangu wote umeegemea hapo.

Jumamosi napanda gari ya Muleba. Kikao kinaanza saa nne, na mama ameshasema atachemsha ndizi za kututosha wote wawili. Jana usiku nilizifungua zile sauti, nikaweka kidole pale pa kufuta, nikakaa hivyo mpaka kioo kikazima chenyewe.